Miwani ya Taratibu

Abiria wake humwita Taratibu, na mume wangu jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ni dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro. Mimi nashona vifuniko vya magodoro kiwandani hapohapo, kwa hiyo asubuhi ananibeba na wenzangu, jioni ananirudisha. Ndani ya basi mimi si mke wa mtu. Nikichelewa kituoni ananiacha. Ameshaniacha na mvua inanyesha, nikamwona kwenye kioo cha pembeni ananitazama, na jioni akaja kukaa mezani kwangu kuuliza mbona chakula kimepoa. Nilimjibu ninavyojua mimi.

Sikufichi, mume wangu ana majivuno. Si ya nguo wala ya maneno, maana nguo zake ni zilezile na maneno yake ni machache. Majivuno yake yako machoni. Husema mikono na miguu hata tumbili anayo, dereva anajulikana kwa macho. Kila asubuhi kabla hatujapanda huzunguka basi akigonga matairi kwa kipande cha mti, anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa ambacho mimi siruhusiwi hata kukifua, halafu anakaa kitini, anavuta mkanda, anatazama dashibodi: spidi, mafuta, joto la injini. Mpaka aridhike ndipo anaondoa gari. Miaka yote ya kazi yake hajagusa mtu wala kuku barabarani.

Shida ya njia yetu ni jua. Sisi wengi tunakaa upande wa magharibi wa mji, kiwanda kiko mashariki. Asubuhi jua linampiga usoni wakati wa kwenda, na jioni wakati wa kurudi lipo mbele yake tena, limeshuka chini, linamngoja. Ujanani hakujali. Siku hizi alikuwa akifika nyumbani macho mekundu, anajimwagia maji usoni na kusema ni vumbi tu. Nikimwambia aende akapimwe, ananiuliza kwani nani aliyemwambia haoni.

Jioni moja mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, lami imelowa, jua likatoka ghafla. Barabara nzima iling'aa mpaka mimi niliyekaa katikati ya basi nikafumba macho. Mara breki. Mabakuli ya chakula yakaruka, mama mmoja wa idara ya kufungasha akajikuta mapajani kwangu. Mbele ya basi, karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, alikuwepo mwendesha baiskeli aliyebeba trei za mayai. Hakuvunja hata moja. Alishuka, akaja mpaka dirishani kwa mume wangu, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, wewe huoni?"

Angemtukana ingekuwa nafuu. Matusi ya barabarani anayajua na dawa yake anayo. Swali lile hakulijibu. Alishika usukani kwa mikono miwili akatuendesha hadi mwisho wa safari.

Kesho yake nilimburuta mwenyewe kwenye duka la miwani. Mpimaji alikuwa mwanamke mwenye umri wa mwanetu wa kwanza, mpole, anayeongea polepole. Alimpima akasema macho yake ni mazima kuliko alivyotarajia, kinachomchosha ni mwanga, hasa ule unaoruka kutoka kwenye lami iliyolowa na kwenye boneti za magari. Akamwonyesha lenzi za aina mbili. Za kwanza ni zile zinazobadilika, ndani ya nyumba ni nyeupe, ukitoka juani zinajigeuza kuwa nyeusi. Za pili zimetengenezwa kuchuja ule mng'ao wa kuruka. Yule mwanamke alishauri za pili kwa ajili ya kuendesha. Mume wangu alishazipenda zile za kujigeuza. Alitoka mlangoni, akaingia, akatoka tena, akijitazama kwenye kioo cha mkononi namna zinavyobadilika, mtu mzima, huku wateja wanamwangalia. Akasema kazi yake anaijua mwenyewe.

Basi akazivaa kazini. Ndani ya basi zikabaki nyeupe pee. Jua linampiga usoni, machozi yanamtoka, miwani haina habari. Hakusubiri hata siku ya kupumzika, alirudi dukani na mimi nyuma yake, akaweka miwani juu ya meza na kutangaza mbele ya foleni nzima kwamba ameuziwa feki. Yule mwanamke akasubiri amalize. Kisha akamweleza kwamba kinachozigeuza lenzi zile ni miale fulani ya jua, ileile inayochoma ngozi, na kioo cha mbele cha gari huizuia karibu yote. Ukiwa ndani ya basi lenzi zinadhani umekaa sebuleni. "Miwani haina kosa, baba," akasema. "Ni gari lako." Watu kwenye foleni wakacheka, si sana, lakini wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nakwambia, kicheko kile kilimkaa. Yule mwanamke alikuwa muungwana, akakubali kubadilisha, na siku ya kuzichukua zile za kuchuja mng'ao mume wangu alikwenda peke yake. Alikataa katakata nimsindikize. Alichoambiwa siku hiyo mimi sikukisikia na yeye hakunisimulia. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Miwani ile mipya, lazima niseme ukweli, ilikuwa kitu kingine. Alirudi siku ya kwanza ametulia, macho meupe. Akaniambia anaona mpaka mashimo yaliyojaa maji, anaona uso wa dereva anayekuja mbele yake, na lami iliyolowa sasa ni lami tu. Akaanza tena kutembea kifua mbele. Nami nikafurahi, maana mume mwenye furaha hasumbui jikoni.

Sasa nikwambie habari za Waya. Huyu ni fundi umeme wa magari pale kiwandani, na ndiye aliyemuoa dada mdogo wa mume wangu, wifi yangu wa pekee. Mume wangu ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa meneja wa usafiri na kumdhamini kwa mdomo wake. Waya ni mtu wa maneno mengi na mzaha usioisha. Yeye humwita mume wangu Konokono, kwa ajili ya mwendo wake wa taratibu. Asubuhi basi likitoka karakana ya kiwanda kuja kutuchukua, lazima asimame mlangoni na kuuliza, "Konokono, leo tutafika au nibebe godoro nilale njiani?" Mume wangu hujifanya amekasirika. Lakini siku Waya akiwa mgonjwa, dereva wetu anakuja kimya na anakanyaga breki vibaya.

Juma lilelile la miwani mipya, sanduku la mtu lilianguka kutoka kwenye rafu ya juu na kupasua skrini ya dashibodi. Basi letu halina mishale ya kuzunguka kama yale ya zamani, kila kitu kinaonekana kwenye skrini. Waya akaagizwa afunge nyingine. Aliifunga, akaijaribu, akaenda zake. Ile iliyopasuka akaitupa kwenye chuma chakavu, na chuma chakavu kikabebwa na wanunuzi kama kawaida.

Baada ya safari ya kwanza mume wangu alirudi karakana akasema skrini imezima njiani. Waya akaja, akaangalia, inawaka vizuri. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Jua likichomoza, skrini ni giza. Basi likiingia karakana, chini ya paa, inawaka. Jioni jua likizama, inawaka tena. Mume wangu akapiga hesabu zake kichwani akapata jibu: ni kifaa hafifu, kikipata joto kinazima, kikipoa kinawaka. Na mtu anayefunga kifaa hafifu mahali pa kizima, kile kizima amekipeleka wapi?

Mwanzoni aliniambia mimi tu. Nilimwambia aache, Waya ana domo lakini hana mkono mrefu. Akasema, "Mama watoto, mimi naendesha watu bila kujua spidi yangu, bila kujua kama injini inaungua. Likitokea la kutokea atajibu nani?" Na hata mimi nimo ndani ya hilo basi.

Waya mwenyewe akaomba apande, ajionee. Asubuhi ile alikaa kwenye kiti cha mbele kando ya dereva, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa sanduku la vifaa. Jua lilipotupiga usoni, mume wangu alivaa miwani yake, akaenda mwendo mfupi, halafu akasema kwa sauti ya ushindi, "Haya, fundi. Tazama."

Waya akatazama. "Natazama."

"Unaona nini?"

"Naona spidi, naona mafuta, naona joto. Inawaka, shemeji."

"Inawaka?"

"Inawaka mbona."

Nilikuwa kiti cha nyuma ya mlango, niliona shingo ya mume wangu inavyovimba. Akasogeza basi pembeni ya barabara akasimama. Akanyoosha kidole kwenye skrini. Waya naye akanyoosha kidole palepale, akamsomea tarakimu moja baada ya nyingine. Watu wawili wazima wanatazama kitu kimoja, mmoja anaona giza na mwingine anaona mwanga, na kila mmoja anaamini mwenzake anamdanganya mchana kweupe. Kutoka viti vyetu hakuna aliyeweza kuiona skrini ile, imezibwa na usukani na bega la dereva.

Waya, kwa mdomo wake ule, akasema neno ambalo hakupaswa kulisema. "Shemeji, labda macho yako. Rudi ukapimwe."

Mume wangu hajawahi kupiga kelele ndani ya basi. Siku hiyo alipiga. Alimwambia Waya kwamba amemtoa mtaani, amemdhamini, na shukrani yake ni kuiba skrini ya kiwanda na kumwita yeye kipofu mbele ya abiria wake. Akalirudia neno mwizi mpaka likazoeleka masikioni. Waya alitugeukia, basi zima, akitafuta hata uso mmoja. Sisi tukatazama madirishani. Akashuka palepale, akatembea kwa miguu hadi kiwandani.

Meneja wa usafiri aliisikiliza kesi. Upande mmoja ana dereva ambaye hajawahi kupata doa. Upande wa pili ana fundi asiyeweza kuonyesha skrini ya zamani iko wapi. Akaamuru Waya akae nyumbani mpaka skrini ile ipelekwe kwa mtengenezaji ikachunguzwe, jambo ambalo wote tulijua lingechukua muda mrefu au lisingefanyika kabisa. Kwa maneno mengine, Waya amemwaga unga.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma mpaka leo. Wifi yangu alikuwa hapitishi siku bila kunipigia simu. Akaacha. Nilimwona sokoni, akajifanya anachagua vitunguu ambavyo alishavinunua. Nikamfuata, sina mdomo wa kukopa, nikamuuliza kulikoni kati yangu na yeye. Akasema hana neno na mimi. Halafu macho yakamlenga machozi, akaniambia alimuuliza mumewe, "Ile skrini uliiuza kwa nani?" Kwa sababu kaka yake hajawahi kusema uongo tangu wakiwa watoto. Alimuuliza, na Waya alitoka akakaa nje mpaka watoto walipomwita. Tangu siku hiyo mumewe akiingia ndani na mfuko, anaufungua mwenyewe mezani na kuonyesha kilichomo bila kuulizwa.

Mwizi ndani ya nyumba yake, fikiria. Nilipomsimulia mume wangu alisema, "Ajilaumu mwenyewe." Lakini sauti haikuwa na nguvu. Dada yake huyo, utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni.

Siku ya pampu ilikuja hivihivi bila kutarajiwa. Kwa kawaida basi hujazwa mafuta kiwandani, kabla ya jua kutoka. Siku hiyo tangi la kiwanda lilikuwa tupu, kwa hiyo tulipita kituo cha mafuta cha barabarani, jua kali, abiria wote ndani. Mume wangu alishuka na miwani yake usoni akasimama kando ya pampu. Dirisha langu lilikuwa wazi, nikawa nasikia kila kitu.

"Binti, pampu yako imezima," akamwambia mhudumu.

Msichana akatazama. "Haijazima, mzee."

"Tarakimu hazionekani."

"Inawaka mbona, mzee. Hizo hapo."

Niliona mgongo wa mume wangu unakakamaa. Maneno yaleyale. Akasogea karibu zaidi, akainama, na alipoinamisha kichwa upande mmoja akashtuka. Akakiinua. Akakiinamisha tena. Kisha akavua miwani, akatazama pampu. Akavaa, akatazama. Akavua. Msichana alianza kutabasamu akidhani anafanyiwa mzaha. Mafuta yalishajaa, mlio umeshalia, na yeye bado amesimama na ile miwani mkononi kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

Alirudi kwenye usukani. Akakaa. Akavaa miwani akatazama dashibodi, akavua akatazama dashibodi. Mtu nyuma akauliza tunangoja nini. Njia nzima ya kwenda kiwandani aliendesha bila miwani, jua linamchoma, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta. Abiria walidhani ni mwanga.

Jioni nyumbani alinieleza. Alinieleza akiwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo hajawahi kuketi tangu nimjue, mgongo kaupa mlango. Lenzi zile zinazochuja mng'ao wa lami, zinauchuja na mwanga wa baadhi ya skrini, kama hii mpya. Ukitazama moja kwa moja unaona giza. Ukilaza kichwa, inaonekana. Waya hakuiba. Waya alikuwa anaona anachokiona.

Nilimwaga maneno, siwezi kukuficha. Nilimwambia mara ya kwanza kosa lilikuwa la gari akailaumu miwani, mara ya pili kosa ni la miwani akaulaumu moyo wa mtu. Nilimwambia mengine ambayo hayaandikiki. Alipokea yote. Nilipochoka akasema kwa sauti ndogo, "Naona haya hata kuoga. Nikivua shati najiona."

Nilijua, na yeye alijua, kwamba hakuna mtu mwingine aliyegundua. Angeweza kurudi dukani, akabadilisha lenzi, akamwambia meneja kwamba skrini imepona yenyewe. Waya angebaki na jina lake jipya na dunia ingeendelea. Sikumwambia hilo, lakini niliona amelifikia mwenyewe, maana alikitazama kile kipochi cha miwani kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, "Wifi yako jioni huwa yupo nyumbani?"

Asubuhi alikwenda kwa meneja kabla ya kula. Meneja alivaa miwani, akapanda kwenye basi lililokuwa juani, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia, "Mimi sina la kumwambia yule. Uliyemtoa ni wewe, kamrudishe wewe."

Jioni tulipotoka kazini, basi limejaa, jua liko mbele yetu kama kawaida, kwenye mzunguko tunaopinda kulia yeye akapinda kushoto. Watu wakaanza kuulizana. Akasimamisha basi nje ya nyumba ya Waya, akazima injini, akasimama akatugeukia. Akashika kiti. "Nilimwita mtu mwizi mbele yenu," akasema. "Naomba mnisubiri, mbele yenu nimwambie si mwizi. Mwenye haraka anisamehe." Hakuna aliyeshuka. Nadhani hakuna aliyetaka kukosa.

Waya alitoka akiwa na shati la nyumbani na kandambili. Amekonda. Wifi yangu akatoka nyuma yake akasimama mlangoni, mikono amekunja kifuani. Mume wangu hakutoa hotuba. Alimpa Waya ile miwani, akamwambia apande, akae kwenye kiti cha dereva, atazame. Akawasha umeme wa basi. Nilikuwa nimesogea mpaka mbele, sikujali.

Waya alivaa, akatazama dashibodi. Akavua, akavaa tena. Halafu akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani ambacho tulikuwa hatujakisikia, akapiga usukani kwa kiganja. "Giza," akasema. "Giza totoro. Shemeji, kumbe hukunisingizia."

Akainua kichwa akamwita mkewe kupitia dirishani. "Mama, njoo uone. Kaka yako hakunisingizia. Alikuwa haoni kweli. Na mimi sikuiba. Wote tulisema kweli." Alikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa rumande. Akamshika mume wangu bega. "Basi, yameisha, shemeji. Nani angejua? Jambo lenyewe hata mimi fundi sikulijua. Si kosa lako."

Pale pangeweza kuwa mwisho, na mwisho mzuri. Basi zima lilishaanza kupumua, mama wa kufungasha alishaanza kupiga makofi. Mimi mwenyewe nilishaweka mkono kifuani kumshukuru Mungu. Mume wangu akatazama chini kwenye kanyagio za basi.

"Niliambiwa," akasema.

Waya hakuelewa. "Uliambiwa nini?"

"Dukani. Yule mwanamke aliniambia siku naichukua. Alisema, baba, ukitazama baadhi ya skrini utaona giza, usishtuke, laza kichwa kidogo. Alikuwa anataka kunionyesha kwa simu yake. Nilimkatiza. Nilimwambia nimeendesha magari kabla hajazaliwa." Akaendelea. "Siku ile tuko wawili hapa, uliponiambia inawaka, maneno yake yalinijia. Yalinijia, shemeji. Nikayasukuma. Nilishachekwa mara moja kwa ajili ya miwani, sikutaka kuchekwa mara ya pili mbele ya abiria wangu. Nikaona bora wewe uwe mwizi."

Mama wa kufungasha akashusha mikono. Hata mimi mkewe nilikuwa nalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na nilihisi uso unaniwaka kana kwamba nimelisema mimi. Wifi yangu alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya basi. Alikuwa amesikia. Alimtazama kaka yake, kisha akamtazama mumewe, na ni kwa mumewe macho yalikoshindwa kukaa. Akageuka akaingia ndani.

Waya alikunja ile miwani, mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu, akamrudishia. "Jua bado lipo," akasema. "Una watu wa kuwafikisha." Akashuka, akamfuata mkewe.

Alirudi kazini. Meneja alimrudishia nafasi yake na kumwomba radhi, na mafundi wenzake hata walimfanyia chai. Wifi yangu ananipigia simu tena, tunaongea mambo ya watoto. Hakuna ugomvi. Ukituona tumekaa pamoja utasema familia imepona. Waya alijitolea hata kutafuta skrini ya aina nyingine ambayo haisumbuliwi na lenzi zile, na yule mwanamke wa dukani naye alikuwa tayari kubadilisha. Mume wangu alikataa yote mawili. Mpaka leo akitaka kujua spidi yake analaza kichwa kidogo begani, na mimi kutoka kiti changu naiona ile shingo inavyoinama, kila mara, safari nzima.

Asubuhi basi likitoka karakana, siku nikitoka zamu ya usiku nalipandia hapohapo, Waya husimama mlangoni palepale. Zamani angeuliza kuhusu godoro la kulalia njiani. Sasa anasema, "Shikamoo, dereva." Kwa adabu kabisa, mikono imetulia, bila chuki yoyote.

"Marahaba," mume wangu anajibu.

Halafu haondoki. Anakaa kidogo, injini inanguruma, mguu kwenye klachi, anamtazama Waya kupitia dirishani. Anangoja aitwe Konokono. Waya anarudi ndani kwenye kazi zake, na mume wangu anavaa miwani, anatia gia, tunaondoka.